Fundi Selestine na Kanda ya Misa ya Tatu

Mtu mwenye dharau kuliko wote Ushirombo hana gari wala ng'ombe. Ana kibanda cha bati nyuma ya soko, ana bisibisi tatu, na ana kanda moja ya kaseti anayoifunga kwenye kitambaa cheupe utadhani ni kitu cha altareni. Anaitwa Selestine. Watu humwita Fundi, naye huitika kama aliyeitwa Askofu. Sijawahi kumpenda, niseme mapema, asije mtu akadhani nimekuja kumsifia.

Kazi yake inayompa ugali ni kutengeneza redio na sabufa za wachimbaji. Kazi yake ya moyoni ni kulinganisha rekodi. Marehemu Mwalimu Stanslaus, aliyefundisha kwaya ya kigango chetu, alitunga Misa tatu nzima, kuanzia Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo. Ile ya tatu ndiyo kubwa, sauti nne, karibu nusu saa. Kwaya nyingi za huku zimeirekodi, na Selestine anazo rekodi zote, kwenye flashi na kwenye sidii. Ukipeleka redio yako bila haraka, umekwisha. Atakukalisha kwenye benchi akuchezee Utukufu wa kwaya hii, halafu Utukufu wa kwaya ile, huku amekukazia macho uone aibu kwa niaba yao.

Rekodi ya kwaya moja ya Segese, iliyotiwa kinanda studio, aliiita muziki wa kufungulia duka la simu. Ya kwaya moja ya Mhunze, na Mhunze ndiko kwao, alisema sauti ya tatu wanaita ng'ombe waliopotea. Ya kwaya nyingine ya Geita mjini hakuifikisha mwisho hata siku moja. Ikifika kwenye Mtakatifu anabonyeza kitufe, anatema mate pembeni, anaendelea na kazi. Nami nilikuwa nacheka, sikatai, maana hakuwa ananisema mimi.

Rekodi pekee aliyoikubali ni hiyo kanda yake. Ilirekodiwa mwaka 1996 ndani ya kanisa la kigango chetu, Mwalimu mwenyewe akiongoza, wiki tatu kabla hajafariki. Tulioimba ni sisi. Mimi Bernadina nilikuwa sauti ya pili, msichana wa miaka kumi na saba. Selestine hakuwepo. Alihamia huku miaka mingi baadaye, hakumwona Mwalimu hata mgongo, lakini alitueleza habari za Mwalimu sisi tuliokuwa tukimbebea mkoba.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Kwenye kanda ile Misa inaanza kwa mwendo wa haraka na inazidi kuwa ya haraka. Kila wimbo unaanzia juu kidogo kuliko uliotangulia, hadi ikifika Mwanakondoo, sauti ya kwanza wako darini. Selestine akasema Mwalimu alikusudia: ni roho inapanda kwenda mbinguni. Akaifundisha hiyo roho yake kwenye semina za kwaya, ubaoni, kwa chaki, na walimu wa kwaya wazima wakaandika kwenye madaftari. Dorah wa sauti ya kwanza alijaribu kupanda mbinguni kwa mtindo huo akakauka koo wiki mbili. Fundi akasema hana imani.

Aliyekataa ni Nelly, mjukuu wa Mwalimu, ambaye sasa ndiye anafundisha kwaya yetu. Nelly alijifunza Misa ya Tatu kwa bibi yake, mjane wa Mwalimu, aliyekuwa akiiimba jikoni: taratibu, chini, na kwa kimo kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Hata karatasi za nota alizoacha babu yake zinasema hivyo hivyo. Akaifundisha kwaya namna hiyo, wakairekodi kwa simu.

Mwaka huu kigango kinatimiza miaka sabini na mitano. Kamati ya jubilei, chini ya Mzee Benjamini, ikawa na swali moja tu: Misa ya Tatu iimbwe na kwaya ya Nelly, au waalikwe wale wa Segese na maspika yao. Nelly hakuwa na ombi lingine duniani. Babu yake amezikwa hatua chache kutoka mlango wa kanisa hilo. Kamati ikaamua kwamba atakalosema Fundi ndilo, kwa kuwa ana masikio, na atasema Jumapili baada ya Misa.

Nelly akampelekea rekodi yake mwenyewe, akapiga magoti kumwamkia. Selestine akaisikiliza mbele ya wateja wanne, nami mmojawapo. Dakika ya pili akaizima.

"Binti," akasema, "babu yako angesikia hiki kitu angeomba azikwe tena."

Nelly akajibu kwa adabu kwamba ndivyo bibi alivyosema, na ndivyo karatasi zinavyosema. Fundi akamwambia bibi alikuwa mzee, karatasi zilinakiliwa na wanafunzi, na kanda ni mashine, haina uzee wala uvivu. Kisha akamwelekezea bisibisi mlangoni. Nelly aliondoka anafuta macho kwa ncha ya kitenge, nasi tuliobaki kwenye benchi tukatazama viatu vyetu.

Alhamisi yake nilimpelekea redio kaseti yangu ya zamani. Ilikuwa inaburuza, nyimbo za kina mama zinatoka kwa sauti za wanaume. Nilidhani mota imekufa. Selestine akafungua kifuniko cha nyuma, akanitazama jinsi anavyotazama watu.

"Mayu, mama yangu, redio haina kosa. Betri zako zimechoka. Betri zikichoka mota inazunguka kivivu. Hata hilo nalo ni la kufundishwa?"

Jamani, yule mtu. Nilikuwa nafungua kinywa nimpe lake, nikakumbuka kitu. Nikamuuliza, je, kama mtu anarekodi wakati betri zimechoka?

Akashusha pumzi, akaanza kunieleza polepole kama mtoto wa chekechea. Mota ikizunguka kivivu wakati wa kurekodi, ukija kuicheza kanda kwa betri mpya itakimbia, na sauti zitapanda. Na kadiri betri zinavyozidi kufa, ndivyo nyimbo za mwisho zitakavyozidi ku…

Bisibisi ilikuwa hewani.

"Betri za siku ile ya Mwalimu nilizianika mimi," nikamwambia. "Juu ya bati la sakristia, siku mbili nzima. Zilikuwa zimeshaisha, na mpya hazikupatikana."

Nani asiyejua kuanika betri? Kila nyumba ilikuwa inaanika betri, pembeni ya mihogo. Zinaamka kidogo, zinakupa dakika chache, kisha zinaanza kusinzia. Fundi mzima wa redio, miaka yote hiyo anahubiri roho inapanda mbinguni, kumbe ni betri zinakufa.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamjibu kwamba nampa mpaka Jumapili aseme mwenyewe, na nikaondoka na redio yangu bila kuaga.

Jumapili akasimama mbele ya kamati, na wazee wa kwaya tumekaa kwenye mabenchi ya mbele. Mnajua alisema nini? Alisema ameisikiliza tena kwaya ya Nelly na kweli wamejirekebisha sana, hivyo anawapitisha. Wamejirekebisha! Nikasema moyoni, mtu huyu hata aibu yake ameifunga kwenye kitambaa. Nikashika benchi ili ninyanyuke.

Nelly akaniwahi. Akasimama, hakupiga magoti safari hii.

"Sijarekebisha kitu, baba. Rekodi ni ileile. Kama leo ni nzuri, basi juzi ilikuwa nzuri."

Mzee Benjamini akamtaka Fundi aeleze. Selestine akazungusha kofia mkononi mara tatu, nne. Halafu akasema yote: betri, mota, kanda, semina zote alizofundisha. Hakupamba. Alipomaliza alikuwa mdogo, shati limemzidi, nami nilisubiri watu wacheke ili nicheke nao.

Hakuna aliyecheka. Mzee Benjamini, ambaye mwaka ule alikuwa besi, akavua miwani.

"Hata mimi nakumbuka tuliimba polepole," akasema. "Mwalimu alikuwa anatugonga vichwani tukikimbia. Lakini kanda ikasema vingine, na Fundi akasema vingine. Nikaona labda nimesahau."

Euphrasia wa sauti ya kwanza akasema hata yeye. Mwingine nyuma akasema hata yeye.

Nelly akatutazama mmoja mmoja. "Bibi yangu amekufa mwezi wa tatu," akasema, "watu wakisema amechanganyikiwa kwa sababu ya wimbo huu. Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

Mimi ndiye niliyekaa na bibi yule siku zake za mwisho. Alikuwa akiimba Mwanakondoo kwa sauti ndogo, taratibu, na nilimshika mkono nikamwambia, bibi, hapana, siyo hivyo, inakwenda mbio. Mimi, niliyeiimba kwa kinywa changu, Mwalimu amesimama mbele yangu. Bibi akanitazama kidogo, kisha akageukia ukutani. Hakuimba tena.

Nelly akakusanya karatasi za babu yake, akazipanga vizuri kwenye bahasha. Akasema mazoezi ni kesho saa kumi. Wa zamani wanaotaka kuja waje, watakaa nyuma, na asiyeweza kufuata mwendo akae kimya asikilize.