Dhambi za Osewe Ndani ya Koti la Muiruri

Kwa miaka kumi na moja Osewe aliazima watoto wa watu. Kila Jumapili, wanakwaya wakianza tu wimbo wa komunyo, yeye alitafuta kwa macho mama aliyebeba mtoto anayelia, na kama hakuna anayelia alichukua hata aliyelala. "Lete nikushikie, mama, wewe nenda ukomunike," angesema, kisha huyo nje, anamtembeza mtoto kivulini mpaka Misa ikaribie kwisha. Akina mama wa mtaa wa Kianda walimsifu mpaka basi. Ati oneni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa anavyopenda watoto! Mwenyekiti mwenyewe alijua anakimbia. Hakuwa ameungama tangu wiki ya harusi yake, na bila kuungama hakuthubutu kusogea altareni.

Sasa msidhani alikuwa jambazi. Osewe aliuza makoti ya mitumba Soko la Toi, baba wa Daisy, mume wa Jael, mtu wa kulala mapema. Kilichomzuia ni majivuno, na siku hizi anasema mwenyewe hata bila kuulizwa. Mwaka wa kwanza alisahau. Mwaka wa pili aliona haya kwa sababu alikuwa amesahau. Ulipofika wa tano ameshachaguliwa mwenyekiti, anasoma masomo kwa sauti nzito, anawaelekeza wengine namna ya kutubu. Angeanzia wapi? "Nilikuwa kama dobi anayevaa shati chafu," husema, akicheka mpaka anashika mbavu.

Aliyejua ni Jael peke yake, na kwa muda mrefu hakumpigia kelele. Lakini Kwaresima ya mwaka wa tisini na sita, kulitangazwa mafungo ya wanaume kule Kawangware, na kwamba siku ya pili yake, Jumapili, kila mwanaume angekwenda kukomunika pamoja na mkewe, wenyeviti wa jumuiya wakiwa mbele. Siku hiyo Jael aliweka mwiko chini.

"Baba Daisy, nimechoka kwenda peke yangu. Tulifunga ndoa tukiwa wawili. Sasa mimi niko mbele kama mjane, na wewe uko nje unabembeleza mtoto wa jirani yetu Becky."

"Mama Daisy, mwaka huu nitaenda."

"Ukienda, sawa. Usipoenda, usiniahidi kitu kingine tena."

Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomkata Osewe maini. Jael mwenye hasira Osewe alishamzoea. Huyu aliyekaribia kukata tamaa hakumjua, na alimwogopa.

Alhamisi asubuhi, kibandani kwake, aliamua kwamba ataungama kama msomi. Akachana karatasi kwenye daftari la Daisy, akaandika dhambi zake kwa namba, moja hadi kumi na saba, kwa mwandiko wa kupendeza. Akazipanga kwa ukubwa. Alipoona ya tatu haina uzito wa kutosha akaishusha, akasoma orodha yote tena, na jamani, akajisifu kwa kazi safi! Namba sita ilikuwa ile ya watoto wa kuazima. Namba tisa ilisema: "Nilimwambia Mzee Muiruri wa Kawangware kwamba koti lake limetoka Italia, nami sijui lilikotoka." Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti alilovaa.

Hapo ndipo alipojimaliza. Muuza makoti wa Toi hana koti lake. Asubuhi kukiwa na baridi huchomoa moja kwenye hanga, akalivaa, na mteja akilipenda humvulia papo hapo likiwa bado na joto. Ndilo tangazo lake la biashara. Saa tano hivi akatokea Mzee Muiruri mwenyewe, mwenye ploti za kupangisha pale kituo cha Kawangware 56, Mkatoliki wa benchi la mbele. Akayapita makoti yote yaliyoning'inia, akamwelekezea Osewe kidole kifuani.

"Nataka hilo."

"Hili? Mzee, hili limetoka..." Osewe akaikumbuka namba tisa, akauma ulimi. "Limetoka hapa kwa hanga."

"Basi livue, nijaribu."

Likamkaa. Osewe akamfungia kwenye gazeti na kumsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, moyo mweupe kabisa, akifurahia kwamba kwa mara ya kwanza amemwuzia mzee yule kitu bila kudanganya.

Aliikumbuka karatasi kesho yake jioni, akinawa mikono ale. Jasho jembamba likamtoka. Jael akamwuliza kama ni malaria. Akasema huenda.

Jumamosi hata chai hakuimaliza. Alitembea kwa miguu mpaka Kawangware, na njia nzima alikuwa akitunga maneno: atasema karatasi ni ya mteja, au ni mchezo wa kuigiza wa jumuiya, au ni ya shemeji yake. Alipofika Dagoretti Corner alihesabu uongo mpya wa aina tatu, siku yenyewe ya kwenda kuungama, akaona hata orodha yake imepitwa na wakati.

Langoni alimkuta Wacera, mke wa Muiruri, akifagia.

"Mzee ameenda mafungo na koti lake jipya," Wacera alisema. "Tangu juzi anasoma karatasi fulani, hata chakula hataki. Kwani wewe ulimwuzia koti ama ulimwuzia ugonjwa?"

Osewe alikimbia. Alifika kwenye ukumbi wa kanisa akihema, akakuta wanaume wamepanga foleni kando ya ukuta, na Padre ameketi kwenye kiti mbali kidogo nao, chini ya ukingo wa paa. Mbele yake, amepiga magoti na koti la Osewe mgongoni, alikuwa Mzee Muiruri. Mkononi ana karatasi ya daftari. Anasoma, kidole kinateremka mstari kwa mstari.

"Nimeshtakiwa," Osewe akawaza. "Mungu wangu, mzee ananishtaki kwa Padre, namba kwa namba!"

Akataka kugeuka arudi Kianda. Lakini aliona mabega ya Muiruri yanatikisika. Mzee analia. Padre akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, na Muiruri akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akairarua ile karatasi vipande vipande. Alikuja anacheka kama mtoto aliyefunga shule.

"Osewe! Umefuata karatasi yako! Namba tisa ndiyo ilikuuza."

"Mzee, nisamehe. Hiyo karatasi ilikuwa ya..."

"Wacha. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili bila kuungama. Sikujua hata mtu huanza vipi. Halafu napata kwa mfuko mtu ameandika maisha yangu! Majivuno, yangu. Uongo wa biashara, wangu. Ya watoto niliruka, nikaweka ya kufungia wapangaji maji."

"Na namba tisa?"

"Hiyo nimekuachia useme mwenyewe. Nilijua siku nyingi. Italia hawashoni koti kwa uzi wa gunia."

"Sasa karatasi umerarua, mimi nitasoma nini?"

"Hiyo sasa ni shida yako," Muiruri akasema, akamsukuma kwenye foleni.

Ilipofika zamu yake Osewe alipiga magoti. "Nibariki Padre, kwa maana nimekosa. Namba moja..." Hakuna kilichokuja. Msomi wa jumuiya, sauti nzito, kichwa kitupu kabisa.

"Padre, nimepoteza mpangilio," akasema mwishowe. "Mke wangu amekwenda kukomunika peke yake miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nje."

Baada ya hapo yalitoka yote, ovyo ovyo, makubwa yamechanganyika na madogo, mengine hata hayakuwa kwenye orodha. Alilia bila kujali nani anamwona. Alipoinuka magoti yanauma na kifua chepesi, wanaume ukumbini walikuwa wameanza kuimba, na Muiruri akamvuta katikati. Osewe, ambaye hata harusini mwake alicheza kwa mabega tu, aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Alikuwa na furaha, basi. Hakutafuta jina lingine la kuiita.

Jumapili alipanga foleni mbele ya wanaume wa jumuiya yake, Jael nyuma yake na kitambaa kipya kichwani. Padre akainua hostia.

"Mwili wa Kristo."

Miaka kumi na moja si mchezo. Osewe akafungua kinywa, na kwa sauti yake yote ya sokoni akajibu, "Asante sana, Padre!"

Benchi la mbele likaguna. Padre akauma midomo asicheke. Jael, machozi yakimtiririka, akamwekea mumewe mkono mgongoni akasema, "Amina," kwa niaba yake. Kisha akasogea mbele, naye akapokea, akasema ya kwake.