Mzee Aliyetafuta wa Kumshinda

Jumamosi nilipita kwenye ukumbi mmoja hapa Sosiot, nikakuta mashindano ya chesi. Kwenye meza ya kwanza alikaa msichana wa chuo kikuu, bingwa wa mwaka jana. Mbele yake alikuwa mkulima mzee wa majani chai, amevaa koti la kanisani.

Msichana alisogeza vipande kwa vidole viwili, haraka. Mzee alishika kila kimoja kwa kiganja kizima. Baada ya dakika kumi malkia wake alikuwa ameliwa, na watu wa nyuma wakaanza kucheka.

"Mzee, si ukubali tu?" msichana akamwambia kwa upole. "Hapa hakuna njia imebaki."

"Najua. Maliza tu, msichana wangu. Usinihurumie."

"Sasa ulikuja kwa nini?"

Mzee akakuna kidevu. "Nilikuwa na rafiki, fundi wa mashine kiwandani. Alikuwa ananishinda kila Jumapili tukitoka kanisa, miaka kumi na tisa. Akastaafu, akarudi kwao kule ziwani. Sasa nyumbani hakuna mtu wa kunishinda."

Msichana alisogeza farasi, akamfunga mfalme, mchezo ukaisha. Lakini badala ya kuinuka, akaanza kupanga vipande upya.

"Tucheze ingine?"

Mzee alishindwa ya pili, na ya tatu, huku akicheka peke yake.

Nilitoka nje nikampigia kaka yangu aliyehamia Nakuru. Nilianza na siasa, maana tukibishana hapo hunibwaga kila mara.