Nani Alisimika Bendera Zangu?

Siku ile niliamka nikakuta nimejaa mtaa mzima.

Yaani sura yangu. Bendera za kampeni, rangi ya waridi, zimesimikwa kwenye fito za mianzi kuanzia hekaluni mpaka kituo cha mafuta. Kila bendera ina uso wangu, jina langu na namba yangu ya ugombea, mbili, imeandikwa kubwa.

Sasa ngojeni. Mimi sikuwa na bendera hata moja. Sikuwa na hela ya bendera.

Niseme kwanza mimi ni nani, ingawa majina yote humu nimeyabadilisha na mji sitautaja. Niiteni A-Kio. Nina saluni ndani ya soko la mtaa wetu, mji mdogo tu kusini mwa Taiwan. Wateja wangu ni kina mama watu wazima. Wanakuja kuoshwa nywele na kupiga soga, na soga ndiyo inayochukua muda mrefu.

Uenyekiti wa mtaa niligombea kwa hasira.

Mzee Chuang alikuwa amekikalia kile kiti miaka ishirini, na miaka yote hiyo hakuwahi kupata mpinzani. Halafu ikavuma kwamba soko letu linavunjwa, panapanda ghorofa. Mwenye hilo ghorofa alikuwa Bwana Teng, mjenzi, tena ndiye mkuu wa kamati ya hekalu. Kilichobaki kilikuwa baraka za mwenyekiti, na zingetolewa uchaguzi ukishapita.

Soko likienda, saluni yangu inakwenda nalo. Na mimi kazi nyingine siijui.

Basi nikalipa dhamana ya mgombea, kwenye kugawa namba za wagombea nikaokota namba mbili, hela ikaishia hapo. Kampeni yangu ikawa mdomo wangu. Kichwa cha mteja kikiwa kwenye beseni, povu mpaka machoni, namwinamia na kumuuliza, "Mama, kura yangu ipo?"

Nani atasema haipo akiwa katika hali ile? Ila nilijua wakishakauka nywele wanasahau.

Bwana Teng alinicheka mbele za watu. "Muosha vichwa anataka kiti," alisema pale kwenye kibanda cha supu ya samaki. "Mwacheni, ni burudani."

Hakuhangaika na mimi kabisa. Na kusema kweli, hata mimi mwenyewe nilihesabu kura mbili za uhakika, yangu na ya mume wangu. Ya mume wangu nilikuwa naitilia shaka.

Kwa hiyo swali likawa moja. Nani amenisimikia bendera?

Nilianza na mume wangu, A-Tsong. Yeye anasambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki.

"Mimi?" akasema. "Mimi hata kugombea kwenyewe sikutaka ugombee. Hela ya bendera niitoe wapi?"

Kisha akaisogelea bendera iliyokuwa mlangoni kwetu. Akainama.

"A-Kio. Huu mkono wa nani?"

Nikatazama. Jamani, moyo ulipiga paa.

Ile picha mimi nimevaa blauzi nyekundu, nacheka. Imekatwa pembeni ili nibaki peke yangu, lakini aliyeikata hakuwa fundi. Begani kwangu vimebaki vidole vya mwanaume, na kipande cha koti la bluu, yale makoti ya wajitolea wa mtaa. Nusu ya wanaume wa pale kwetu wanayo.

Nikakumbuka ni picha ya karamu ya sikukuu ya wazee. Siku ile nilikunywa kidogo na kupiga picha na kila aliyepita. Nani alinishika bega, sikumbuki.

Mama mkwe wangu akatoka ndani na bakuli lake la uji. Akaikagua bendera taratibu.

"Mwanaume amekushika bega, unacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, halafu unasema humjui?"

"Mama, simjui kweli."

"Sawa, mwanangu. Mtaa mzima utakusaidia kumjua."

Na kweli. Jioni gari la taka lilipokuja na muziki wake, tukatoka wote na mifuko yetu kama kawaida. Nilipofika mimi, maongezi yakakatika. Mtu akajifanya anafunga kamba ya mfuko ambao ulishafungwa. Nyuma yangu nikasikia, "Huyu ana mtu wake. Bendera zote hizi haziji bure."

Nyumbani mume wangu akawa analala ameelekea ukutani. Ukimwuliza, anasema amechoka na mitungi.

Hapo presha ikaanza kupanda. Uchaguzi ningeshindwa, hilo nililizoea. Lakini sasa nilikuwa nashindwa hata kwenye ndoa.

Nikaanza kuangalia mikono ya watu.

Kwenye picha kulikuwa na alama moja tu. Kidole cha kati, ukucha umepasuka katikati kutoka juu mpaka chini. Basi kila mwenye koti la bluu nikawa namtolea macho vidoleni. Muuza tambi akaniambia, "Dada, chenji nimeshakupa, mbona hujaniachia mkono?" Wateja wakacheka. Mume wangu akaletewa hiyo habari kabla sijafika nyumbani.

Nikamshuku muuza tambi. Nikamshuku fundi wa rangi wa hekalu. Nikamshuku hata shemeji yangu, Mungu anisamehe. Niliogopa zaidi kwamba ni mtego: mtu ananipamba leo ili kesho aseme nimekula hela chafu, nifutwe kabla ya kura.

Na hicho ndicho kilichokuja.

Bwana Teng kicheko kilikuwa kimemwisha. Zile bendera zilifanya watu waanze kuniona mgombea kweli, na wateja walikuwa wanaongea kuhusu soko hata nywele zikiwa zimekauka. Akatangaza kwamba A-Kio ananunuliwa na wajenzi wa nje. Akasema wagombea wote wawili waje hekaluni, waape mbele ya mungu wa mji kwamba hakuna uchafu kwenye kampeni zao. Wakate kichwa cha jogoo.

Kwetu ugomvi ukifika hapo, umefika mwisho. Unasema maneno yako, unataja balaa likupate kama unadanganya, unashusha kisu. Kuna watu wanaweza kudanganya mahakamani asubuhi na mchana wakala vizuri. Hekaluni hawathubutu.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka barabarani. Muuza kuku wa sokoni alileta majogoo wawili, akasimama nao akilalamika, "Hawa wanalipiwa na nani? Nauliza tu, nani analipa?"

Nilianza mimi.

"Mimi sikununua zile bendera," nikasema. "Sijui nani alizinunua. Kama nadanganya, mikono hii ikauke, nisioshe tena kichwa cha mtu."

Nikashusha kisu. Nilikuwa nalia. Mume wangu alikuwa mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi alinitazama usoni.

Ikawa zamu ya mzee Chuang. Akasogea na koti lake la bluu, akapokea kisu. Nikautazama ule mkono kwa mazoea tu, maana nilikuwa nimeshakuwa kichaa wa mikono.

Kidole cha kati. Ukucha umepasuka katikati.

Nilipigwa na butwaa. Mzee mwenyewe? Mpinzani wangu?

"Ngojeni," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Aape na hili. Aape kwamba hajui nani alisimika bendera zangu."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Dada, jua limekupiga. Mzee akufanyie wewe kampeni?"

Bwana Teng naye alicheka. "Apa tu, Mwenyekiti. Sema hujui, twende tukale."

Mzee Chuang hakucheka. Akaitazama sanamu ya mungu wa mji, uso mweusi kwa moshi wa ubani. Akamtazama Teng. Akakiweka kisu mezani polepole.

"Siapi," akasema.

"Mzee, apa."

"Nimesema siapi."

Hapo uwanjani kikanuka. Kila mtu akapata jibu lake, na majibu yote yalifanana. Mzee alinisimikia bendera ili baadaye anishtaki kwa hela chafu. Mtego. Miaka ishirini tunamheshimu, kumbe ana roho ya hivi. Bibi mmoja niliyemwosha nywele miaka yote alimtemea mate karibu na viatu. Jogoo wa pili alirudishwa sokoni akiwa hai, na mwenye kuku akasema afadhali.

Njiani kurudi nyumbani A-Tsong alianza kucheka peke yake.

"Kumbe mzee Chuang," akasema. "Mimi nilishaanza kumpangia muuza tambi."

"Ungemfanya nini?"

"Ningemsusia gesi."

Mama mkwe akasema kama ni Chuang hana wasiwasi, maana yule meno yake yote ya kununua.

Kura zilihesabiwa kwenye shule ya msingi, kila karatasi inainuliwa, inasomwa kwa sauti, mstari unachorwa ukutani. "Namba mbili. Namba moja. Namba mbili." Mistari yetu ilipanda pamoja mpaka nikashindwa kutazama, nikawa nimemshika mume wangu koti. Nilishinda kwa tofauti ya kura chache mno.

Mimi. Muosha vichwa.

Nilikwenda kukabidhiwa ofisi nikiwa na kiburi changu chote. Ofisi yenyewe ni sebule ya nyumba yake, na ile mikrofoni ya kutangazia mtaa iko juu ya meza. Tulikuwa wawili tu. Akanimiminia chai.

"Mzee," nikamwambia, "mtego wako umekunasa mwenyewe."

"Mtego upi?"

"Bendera."

Akanywa chai yake kidogo. "A-Kio, mtu anayemtega mwenzake anamwekea bendera moja au mbili. Mimi nilijaza mtaa."

Sikumwelewa.

"Wanangu wote wawili wako kazini kwa Teng," akasema. "Hii nyumba aliijenga Teng. Ningekataa soko kuvunjwa, wanangu wangelala nje. Ningejitoa, angeweka mtu wake, na soko lingevunjwa hivyo hivyo. Nikafikiri sana. Nikaona njia iliyobaki ni kushindwa."

"Kwa nini mimi sasa?"

Hapo aliona aibu kidogo. "Nilihitaji mtu ambaye Teng atamcheka. Mtu wa maana angemnunua siku ileile. Wewe alikuacha."

Maneno yale yaliniuma, sitaki kuwadanganya. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nikauliza tu, "Na ile picha?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo. Kukata sijui vizuri."

"Ungeapa basi, mzee. Ungesema hujui. Nani angekukatalia?"

"Nimewadanganya watu sana kwenye kazi hii," akasema. "Yule wa pale hekaluni nilimwogopa."

Nikasimama. Nikamwambia nawasha mikrofoni sasa hivi, mtaa mzima usikie, jina lake lisafishwe. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mzee.

"Teng anadhani nilikuwa nakutega kwa faida yake, nikaboronga. Ananiona mjinga. Mjinga anadharauliwa, basi, wanawe hawafukuzwi kazi. Ukisema ukweli, wanangu kwisha. Na wewe watakupinga mahakamani kwa hizo bendera, kiti wanakichukua, soko linavunjwa. Kaa kimya."

Nikakaa kimya.

Soko lipo mpaka leo. Bwana Teng aliniletea kikapu cha matunda, nikakirudisha. Akatuma watu, nikawaosha nywele na kuwarudisha pia. Nilikataa, na sikuwa na mtoto kazini kwake.

Ila mzee Chuang mtaani hana rafiki. Akipita, watu wanahamia upande wa pili. Kule alikozoea kucheza karata za jioni, kiti chake kimepewa mtu.

Mwezi uliopita palikuwa na harusi. Mimi, mwenyekiti, nimewekwa meza ya mbele pamoja na wazazi wa bwana harusi. Yeye nilimwona meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, yeye na mkewe tu. Sahani nzima ya kamba imefika mbele yao na hakuna wa kula nao. Miaka ishirini meza ya mbele ilikuwa yake.

Sikuweza. Nikachukua bakuli langu, nikavuka ukumbi mzima watu wakinitazama, nikakaa pembeni yake.

Hakuniangalia. Akaendelea kummenyea mkewe kamba.

"Rudi mezani kwako," akasema chini chini.

"Mzee, niache nile na wewe."

"Teng anatazama. Kasirika, halafu rudi mezani kwako."

Jamani, nilisimama. Nikakunja uso, nikasukuma kiti kwa kelele, nikaondoka kama mtu aliyetukanwa. Nyuma yangu ukumbi ukanong'ona, "Hata mwenyekiti kamshindwa yule." Nilikula chakula cha harusi ile nikiwa nameza machozi, na nilipomtazama kwa jicho la pembeni, aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeridhika.

Tangu siku ile, nikisikia mtu amekataa kujitetea, siulizi tena amefanya nini. Nauliza anamlinda nani.