Nyumba Iliyongoja Ushuru wa Kahawa

Mimi ni nesi, na sitanii nikisema kwamba mwanangu alizuiwa kuja kwangu na mikahawa, hii miti ya kahawa. Si baba yake aliyemzuia, si ugonjwa. Mikahawa.

Nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja juu milimani, kata ya Mbuji. Mimi ni mtu wa ziwani, Liuli, nimelelewa kwa muhogo, dagaa wa usipa na kanisa la Kianglikana. Huku juu ni Wakatoliki watupu, na wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanazungumza Kimatengo, ambacho hadi leo naambulia salamu na majina ya magonjwa. Kwangu wanageukia Kiswahili, kwa heshima. Na heshima nayo inachosha, jamani. Unaweza kukaa wiki nzima unaheshimiwa na kila mtu usicheke na hata mmoja.

Nyumba ya nesi haikuwepo. Nilipewa chumba kwenye ghala la chama cha wakulima, ukuta mmoja na stoo ya dawa za kupulizia kahawa. Harufu yake ilikaa kwenye shuka, kwenye chumvi, kwenye nywele. Mimi mtu mzima nilivumilia, lakini mtoto wa miaka mitano ningemlazaje mle? Nikamwacha kwa mama yangu Liuli, nikamwambia nyumba ikiisha nakuja kukuchukua. Nilidhani ni mambo ya miezi.

Wanakijiji walikuwa wameshaanza kunijengea. Huku ndivyo inavyokwenda: kijiji kinafyatua tofali na kupandisha kuta, halafu halmashauri inaleta mabati na milango. Kuta zilifika juu mwaka ule kahawa ilipozaa hadi matawi yakainama, na bei nayo ikapanda. Wee! Hapo ndipo utawajua watu wa huku. Pikipiki mpya, harusi kila Jumamosi, wanaume wanaagiza nyama utadhani wameajiriwa kula. Na halmashauri nayo ni mtu wa huku huku. Ushuru wa kahawa ulifurika, wakakaa wakapanga bajeti ya mwaka unaofuata kwa kipimo cha neema ile. Diwani wetu alirudi kutoka kikaoni uso unang'aa.

"Nesi, nyumba yako imo. Imepitishwa."

Nilipanda kwenye jiwe ambako simu hushika mtandao, nikampigia mwanangu. Alipiga kelele za furaha mpaka bibi yake akamnyang'anya simu.

Sasa, mkahawa ukijitoa namna ile, mwaka unaofuata unapumzika. Kila mtu huku anajua, na kila mtu akishashiba anasahau. Mwaka uliofuata matawi yalibeba majani matupu, bei ikaanguka, na ushuru uliopatikana ukaishia kwenye mafuta ya gari la wagonjwa. Nyumba yangu ilibaki kwenye bajeti, imeandikwa vizuri tu, ila fedha zake hazipo.

"Subira, nesi," diwani akaniambia kwenye mkutano wa kijiji.

"Mheshimiwa, mwanangu nimwezekee subira?"

Watu waliguna. Sikuomba radhi, na sitaomba.

Mvua zilikaribia. Tofali zilikuwa zimeshikwa kwa udongo, zisingemaliza msimu bila kufunikwa. Ndipo kina mama wakaitisha ngokela. Kwa kawaida ngokela ni kazi ya shamba: mwenye shamba anapika pombe na chakula, majirani wanakuja kumlimia. Safari hii walipika wao, wakaja kufanya kazi wao. Asubuhi niliona watu wanapanda mlima na mafurushi ya nyasi vichwani, na jioni nyumba ikawa na paa la nyasi. Bibi mmoja, pombe imeshamchangamsha, akanishika mkono. "Sasa mlete mtoto wako tumwone." Nililia mbele za watu, mtu mzima na sare yangu. Hakuna aliyekuwa amewaomba.

Ila milango haikuwepo, na upepo wa huku juu unapenya hadi mifupa. Nikamwambia mwanangu angoje kidogo tena, serikali itamalizia.

Kahawa ikazaa tena. Nikasema haya, zamu yetu. Kumbe bajeti ya mwaka ule walikuwa wameipanga wakiwa bado na woga wa ule mwaka mkavu, wakaikata mpaka ikabaki ya kumalizia nyumba moja tu ya mtumishi katika vijiji vya upande wetu. Mhandisi akatumwa kuchagua. Akafika kwetu, akatazama juu.

"Nyinyi mna paa," akasema. "Wa ng'ambo ya bonde kuta zao zinalowa."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Mabati yakaenda ng'ambo. Yule bibi hakunitazama usoni wiki nzima, kana kwamba nyasi zake ndizo zilizoninyima nyumba. Nilimfuata kwake nikamwambia aache upuuzi. Tukacheka.

Nikachoka kungoja. Milango nikamlipa fundi kwa mshahara wangu, kina mama wakaja kusiliba kuta na kuongeza nyasi. Nilitandika vitanda viwili, nikateremka Liuli.

Mwanangu alinipokea mkoba getini. Alikuwa amerefuka, magauni niliyomnunulia yangemfika juu ya magoti. Akapiga goti, "Shikamoo mama," akaniletea maji ya kunawa, akanitengea samaki mkubwa. Bibi yake alikuwa amemfundisha vizuri jinsi ya kumkaribisha mgeni. Nilikula kila kitu.

"Nyumba imeisha," nikamwambia.

Alimtazama bibi yake, akatazama chini.

"Hongera, mama. Basi nitakuja kukutembelea likizo."

Alisema kwa upole, hakutaka kuniumiza. Angelia, angenuna, ningejua la kufanya. Mama yangu akasema mwache kwanza, ana shule yake, ana wenzake. Nikasema sawa. 

Nilirudi mlimani peke yangu. Kina mama walikuwa wamejaa mlangoni kwangu, wengine na ndizi, mmoja na kuku, wanachungulia nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi, nesi?"

"Atakuja likizo."

"Likizo ipi?"

Nilifungua mlango, nikawakaribisha ndani. Nilikuwa nimeogopa kumuuliza mwanangu.