Somo la Tatu la Udongo

Nichekeni tu. Rehema, mwanafunzi wangu Msandawe kutoka Chemba, haoni. Ndiye aliyeniomba nimrekodie masomo ya udongo kwa sauti, ayasikilize kwenye simu hata kijijini kwao kusiko na mtandao. Nilipomaliza somo la tatu nilisahau kuzima kinasa sauti, nikasimama peke yangu ofisini nikifanya mazoezi ya kupongezwa. Nilijipigia hadi makofi.

Juzi wakuu wa chuo walikuja darasani, wakaomba kusikia kidogo. Rehema akabonyeza simu, nayo ikaanzia pale alipoishia.

"Asanteni, kaeni, kaeni jamani," sauti yangu ikasema. "Wazo hili nililipata mwenyewe."

"Hapo nimepakariri pote, mwalimu," Rehema akasema kwa upole. "Nilidhani patatoka kwenye mtihani."