Twyla Brekke, mama wa nyumbu aliyemhamisha kaka yake kambini

Ni Ijumaa alasiri, kesho msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa, na uwanja wa magari wa Hatchet Creek umeshajaa. Pikapu zimebanana hadi ukingoni mwa misonobari, matela ya farasi yamefuatana, na moshi wa majiko ya kuni unatambaa kutoka kwenye mahema yaliyo karibu na kijito.

Katikati ya yote hayo amesimama Twyla Brekke, mwenye umri wa miaka 59, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Ameshika kamba ya nyumbu wanne, wale wazaliwa wa punda na farasi, kila mmoja na mzigo ubavuni. Hawezi kusogea. Tela moja limeegeshwa kimshazari mbele ya lango la njia.

"Bwana," anamwita kijana mwenye ndevu nyekundu anayefunga kamba za buti zake, "tela lako limejilaza kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Hapo ndipo watu wanapogeuzia."

"Nitalitoa kesho, mama. Nimeendesha tangu asubuhi, mgongo umekufa."

"Na mtu akivunjika mguu huko juu usiku, gari la wagonjwa lipite juu ya paa lako?"

Wanaume waliokaa nyuma ya pikapu ya jirani wanaangua kicheko. Kijana analitazama tela lake, anawatazama nyumbu, kisha anachukua funguo. Twyla anamwongoza kwa mkono, taratibu, mpaka tela linakaa sawasawa ubavuni mwa jingine. Halafu anammiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

"Karibu Hatchet," anamwambia. "Sasa umeshakuwa mtu."

Msitu huu wa jimbo la Montana, Marekani, ni mali ya umma. Hauna mwenye shamba wala mlinzi wa getini, na askari wa wanyamapori ni mmoja kwa bonde zima. Mwenye kibali anaingia, anapiga hema, anawinda. Kinachowazuia watu mia mbili wenye bunduki wasikoseane ni adabu tu, na ukiuliza adabu hiyo inakaa kwa nani, wengi watakuelekeza kwa Twyla.

Kazi yake ni upagazi. Huwapandishia wawindaji mahema na majiko, kisha huwashushia nyama. Mtu akiangusha elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mwili wa ng'ombe, mbali na barabara, ndipo anapotambua kwamba kazi bado haijaanza. Msimu ukiwa mzuri Twyla hubaki na dola kama elfu tisa baada ya kulipia nyasi, kwato na daktari wa mifugo. Miezi iliyobaki huendesha basi la shule.

"Watoto na nyumbu ni kitu kimoja," anasema. "Ukiwapigia kelele umeshindwa."

Njiani kuelekea juu, hapiti kambi yoyote kimyakimya. Husimama mbali, kwenye miti, na kupaza sauti: "Hodi kambini!" Hasogei mpaka aitikiwe. Akikutana na farasi wa watu wengine kwenye mteremko, huwaongoza wanyama wake upande wa chini ili wenzake wapite salama. Anapoona gari limeegeshwa mwanzoni mwa kijia, haleti mteja mwingine huko hata kama njia hiyo ndiyo fupi kuliko zote.

Kwenye kambi ya kwanza, Delbert Ostwald, fundi bomba mstaafu mwenye tumbo la kutosha, anamsaidia kushusha jiko. Anaangalia kushoto na kulia kabla ya kusema.

"Twyla, mpenzi wangu, wale wa kambi ya juu wameona nini?"

"Wameona theluji."

"Na elki?"

"Waulize wenyewe. Mimi nabeba nyama, sibebi umbea."

"Miaka ishirini na kitu tunajuana, hata kidokezo?"

"Kidokezo nakupa. Punguza kula, ufike huko juu ukaone mwenyewe."

Delbert anacheka mpaka anakohoa. Baadaye, Twyla akiwa hasikii, anakiri kwamba Twyla angemwambia, angejishusha thamani machoni pake. "Akinipa mimi siri ya wenzangu, basi na ya kwangu anaigawa. Huyu mama anajua kila dume la elki liliko kwenye bonde hili, na hajawahi kulitaja hata moja."

Twyla alianza kupanda milima hii na baba yake, Halvor, akiwa bado anakalishwa juu ya mizigo. Mumewe alipofariki miaka minane iliyopita, majirani walimshauri auze nyumbu. Goti lake la kulia lilishavunjwa na teke la nyumbu, na kila baridi inapoingia linamkumbusha.

"Wakasema niuze nipumzike. Nikawauliza, nikishauza nikae dirishani nimwangalie nani?"

Hata hivyo, jina lake lilipata uzito huu wote katika msimu mmoja tu, miaka miwili iliyopita, na karibu limgharimu kaka yake.

Kaka huyo ni Orville, fundi wa reli mstaafu, wakati huo akiwa na miaka 71 na nyonga mbovu. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa akipiga hema kwenye kiwanja kimoja chini ya misonobari mikubwa, pale pale alipopiga baba yao. Msumari aliotundikia taa mzee Halvor bado umo kwenye gome la mti. Watu wote wa Hatchet walipaita "kwa Orville", na hakuna aliyekumbuka kwamba mahali hapo hapakuwa pa mtu.

Mwaka huo Orville alichelewa kwa sababu pikapu yake iliharibika. Alipofika na mkwe wake, Curtis, alikuta hema jeupe limesimama, jiko linafuka, na gari lenye nambari za jimbo la mbali la Wisconsin pembeni. Ndani walikuwamo Nhia Lor, fundi wa kuchomelea vyuma, na binti yake Pakou, muuguzi. Walikuwa wameomba kibali cha kuwinda Montana mwaka baada ya mwaka hadi bahati ikawaangukia.

Twyla alikuwa akifunga mizigo hatua chache kutoka hapo. Alisikia sauti ya kaka yake kabla ya kumwona.

"Hata miti yangu ya hema wameisimamisha!"

"Miti yako?" Twyla alimjibu akija. "Uliipanda lini? Imeegemezwa pale kwa ajili ya atakayefika. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyonifundisha."

"Baba alitundika taa kwenye ule mti kabla hujaota meno!"

"Na yeye alipofika alimkuta nani? Hakumkuta mtu, ndiyo maana akakaa."

Watu walikuwa wameshaanza kutoka kwenye mahema yao. Curtis alisema kwa sauti kwamba watu wa mbali wakiachiwa, mwakani watakuja na kijiji kizima. Wawili watatu wakaitikia. Bwana Lor alitoka hemani. Aliinama, akaanza kung'oa kigingi cha hema lake.

"Tunahama," alisema. "Hatukujua. Hatutaki shida na mtu."

Hapo ndipo Twyla alipofanya jambo ambalo Hatchet nzima bado inalizungumza. Alikwenda akaweka buti yake juu ya kigingi kile, akakikandamiza kikarudi ardhini.

"Bwana Lor, hukukosea. Umefika kwanza, hapa ni pako mpaka utakapoondoka." Kisha akamgeukia kaka yake. "Orville, kuna kiwanja kingine kule ng'ambo ya kijito. Nitakusaidia kuhamisha."

"Unamchagua mtu usiyemjua, unamwacha ndugu yako wa damu?"

"Sijamchagua mtu. Ungefika wewe jana, yeye angekuja leo akapiga kelele, ningemwambia haya haya."

Orville alihamisha mizigo yake mwenyewe, akichechemea, akikataa mkono wa dada yake. Tangu saa ile hakumsemesha. Wateja wawili waliokuwa marafiki wa Orville walimfuta kazi Twyla, wakasema watabeba nyama yao mgongoni.

"Nililia," anasema Twyla, bila kuona haya. "Nililia nikiwa nyuma ya nyumbu, maana wao hawaulizi kitu. Lakini nilijua kama wale watu wangehama, kuanzia kesho yake Hatchet ingekuwa ya mwenye sauti kubwa. Na siku moja ningekuja mimi mjane, sina sauti yoyote, ningepata wapi pa kulala?"

Siku zilipita. Theluji ikaanza kushuka kwa wingi. Adhuhuri moja Twyla alikuwa akiwalisha wanyama alipomwona Orville anateremka mlimani peke yake, ameegemea fimbo, ndevu zimeganda. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake.

"Kuna nyama upande wa pili wa kilele, kwenye bonde la mierebi," alisema. "Ya wale watu wako. Kawabebee kabla dubu hajanusa."

"Watu wangu wamepigaje mnyama hadi wewe ndiye uje kuniambia?"

"Nimesema kawabebee, Twyla. Nina baridi."

Akaingia hemani kwake. Twyla hakupoteza muda, alitandika nyumbu akapanda. Aliwakuta Pakou na baba yake kando ya dume lenye pembe zilizotawanyika kama matawi, mikono yao imejaa damu hadi kwenye viwiko, wameshaanza kupasua. Pakou ndiye aliyemsimulia.

Alikuwa amelipiga dume lile, elki wake wa kwanza kumpiga risasi maishani. Risasi iliingia nyuma ya bega, lakini mnyama akakimbia, akavuka kilele. Theluji ikafunika damu. Baba na binti walikuwa wamepiga magoti, wanapapasa kwa mikono kutafuta hata tone.

"Nilishaanza kulia," Pakou alisema. "Si kwa ajili ya pembe. Nilifikiri nimemtesa kiumbe bure. Ndipo akatokea yule mzee kutoka juu. Akauliza, 'Mmepoteza kitu?' Baba akadhani amekuja kugomba."

Orville hakuja kugomba. Alikuwa amekaa upande wa pili dume lile lilipotokea mbele yake likiyumba. Aliinua bunduki. Akaona damu mbavuni, akaishusha. Mnyama alitembea hatua chache, akaanguka, akafa. Kibali cha Orville kilikuwa mfukoni, hakijaguswa. Hakukuwa na jicho jingine mlimani, na theluji ilikuwa inafuta kila alama. Badala ya kutoa kisu, mzee yule mwenye nyonga mbovu alipanda kilele, akakivuka, akaenda kuwatafuta watu waliolala kwenye kiwanja cha baba yake.

"Alituongoza mpaka hapa," Pakou alisema. "Akaniambia, 'Ni wako. Umempiga vizuri, usilie.' Kisha akaondoka. Hakukubali hata kushukuriwa."

Twyla anaposimulia sehemu hii huacha kufanya kazi. Huvua glavu.

"Nilisimama pale nikashindwa kufungua kamba. Mimi nilisema maneno mbele ya watu wanaonitazama. Yeye alifanya bila mtu. Siku ile nilijivunia kuwa mdogo wake kuliko kitu chochote nilichowahi kujivunia."

Jioni Bwana Lor alikaanga maini kwa pilipili na mchaichai aliokuja nao kutoka nyumbani, akavuka kijito na sufuria mkononi. Alisimama mbali, kama alivyoona wenyeji wakifanya, akapiga hodi. Orville alikula huku jasho likimtiririka, akikataa maji.

"Hii si pilipili, ni adhabu," alilalamika. "Umenilipizia?"

"Bado kidogo," Bwana Lor alijibu. "Kuna sahani ya pili."

Orville akacheka, na watu waliokuwa wakinong'ona kambini wakakosa la kunong'ona. Akamsogezea dada yake kigoda. Hakuomba radhi na Twyla hakudai.

Akina Lor walipoondoka, kila mtu alitarajia Orville arudi chini ya misonobari. Hakurudi. Leo ukimuuliza, anakuelekeza upande wa mashariki kwa fimbo.

"Huku napata jua la asubuhi. Miaka arobaini nimelala kivulini kama mpumbavu, eti kwa sababu ya msumari."

Wateja wale wawili walirejea msimu uliofuata, mmoja na sanduku la tufaha. Curtis ndiye siku hizi anayekwenda kuwaonyesha wageni mahali pa kutundika nyama juu, mbali na dubu. Na kila mwaka Twyla hupokea simu kutoka Wisconsin, Pakou akiuliza goti linaendeleaje na kumkemea kwamba hajaenda hospitali.

Hata hivyo, Twyla ana wasiwasi mmoja. Watu wanaongezeka na viwanja ni vile vile. Kwa hiyo ameanza mpango mwingine. Kuna njia ya zamani inayoelekea bonde la kaskazini, iliyozibwa na miti iliyoanguka tangu moto mkubwa upite. Ofisi ya misitu imemruhusu kuisafisha kwa misumeno ya mkono. Kiangazi hiki yeye, Delbert, Curtis na wengine wachache walifika nusu. Kiangazi kijacho wanataka kumaliza.

Huko mwisho, anasema, kuna chemchemi, majani ya farasi na nafasi ya kambi nne, labda tano. Ameshapachagua mahali pa boriti ya kutundikia nyama. Delbert amependekeza njia hiyo iitwe kwa jina la Twyla, akaambiwa akanywe maji baridi.

"Sitaki kibao chenye jina langu," anasema Twyla, akikaza mkanda tumboni mwa nyumbu wa mwisho. "Nataka mtu asiyenijua afike kule jua bado liko juu. Amechoka, ana mtoto labda. Akute maji, akute pa kufunga farasi wake na kuni kavu zimepangwa. Afikiri tu kwamba leo ana bahati."

Anavuta kamba, na nyumbu wanne wanamfuata kuelekea juu.