Kanyiva na Siku ya Tano

Kanyiva hapendi kuulizwa umri. Ukimwuliza atataka kujua kama umekuja kumwoa au kumzika, na hapo utanyamaza mwenyewe. Tuseme tu amepita sitini na bado anainua jembe. Anaishi upande wa chini wa Kwa Vonza, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka lami, kwenye kilima kilichokatwa matuta kuanzia juu mpaka chini. Matuta hayo aliyachimba yeye na wenzake, na akikuonyesha atakutajia kila moja lilichimbwa mwaka gani na ni nani alijidai mgonjwa siku hiyo.

Kundi lao ni mwethya, kama lilivyokuwa la mama zao. Wanawake ishirini na watatu wanachimba shamba la huyu leo na la yule wiki ijayo, wakiimba. Sheria za mwethya hazibembelezi mtu. Ukichelewa unaleta sukari ya chai ya wote, na hakuna anayeondoka mtaro ukiwa nusu. Kanyiva alipochaguliwa kuwa mwenyekiti aliongeza sheria ya kwake. Alikuwa amezaa watoto saba, watano kati yao sakafuni kwake, na wawili kati ya hao watano hawakulia. Basi akasema mwenye mimba hatachimba. Wenzake watamchimbia, watamtekea maji na kumtafutia kuni, na kazi yake itakuwa moja, kwenda kliniki. Wanaume walicheka, wakasema wanawake wa siku hizi wanadekezana. Kanyiva akawaambia wabebe mimba wao kwanza, halafu warudi waongee.

Kwa hiyo sista Waithera, muuguzi wa zahanati ya pale kijijini, alipokuwa na neno kwa akina mama, alimpelekea Kanyiva. Na Kanyiva ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa ameishia darasa la tano, lakini akisimama pale mbele na miwani yake puani, akichukua karatasi ya Kiswahili na kuitoa kwa Kikamba bila kusita, hata mchungaji alitulia.

Jumapili moja karatasi ya sista ilisema hivi: kliniki ya wajawazito imehamishwa, sasa ni kila Jumatano. Kanyiva akaitazama, akaigeuza papo hapo, akatangaza: wakatano.

Sasa hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali anaweza asione kosa liko wapi. Kiswahili kinaanza kuhesabu siku Jumamosi, ndiyo maana Jumatano inaangukia katikati ya wiki. Kikamba kinaanzia Jumatatu. Siku ya tano kwetu, wakatano, ni Ijumaa. Si kwamba Kanyiva hakujua Jumatano ni lini. Angeulizwa sokoni angejibu akiwa amelala. Lakini siku ile ulimi ulishika ile tano na kukimbia nayo, kisha akaiandika hivyohivyo kwenye daftari lake, na Jumapili zilizofuata akawa anasoma daftari, hasomi karatasi.

Kavata, mmoja wa mwethya, alikuwa na mimba ya nne. Shule aliiacha darasa la pili akachunge mbuzi, na Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Wakatano ilipofika alioga, akachukua kijitabu chake cha kliniki, akatembea. Dirishani alimkuta Kanyi, karani aliyeletwa kutoka Murang'a, ambaye Kikamba chake ni salamu tu.

"Leo si siku yako, mama," Kanyi akamwambia. "Kliniki ni Jumatano."

Kavata akasikia tano. Akarudi nyumbani, akahesabu vidole, na wakatano iliyofuata akawa dirishani tena. Safari hii miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, na kichwa kilikuwa kinampasuka. Alishika kichwa, akamwonyesha Kanyi miguu. Kanyi akasema tena Jumatano, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Sista Waithera alikuwa ndani, hatua kumi kutoka hapo, akichanja watoto.

Siku mbili baadaye Kavata alianguka jikoni, akatupa mikono na miguu. Majirani walimpakia kwenye pikapu mpaka hospitalini Kitui. Walimwokoa yeye. Mtoto, msichana, alizaliwa amekwisha kufa.

Mwethya ilienda kwake wiki iliyofuata, kama sheria inavyotaka, wengine na jembe, wengine na mitungi. Mama mkwe wake, Kathini, alikuwa ameketi nje akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba uvivu ndio uliomuua mjukuu wake. Kliniki ipo, mtu amelala, alisema. Kanyiva akampita, akaingia ndani. Kavata alikuwa kitandani, nguo imelowa maziwa kifuani, hana wa kumnyonyesha.

"Mwaitu, mama yangu, mimi nilienda," Kavata akamwambia. "Nilienda wakatano mbili, vile ulisema kanisani. Walinifukuza."

"Walikufukuza aje, na ndiyo siku?"

"Yule wa dirisha alisema Jumatano. Nikajua ni hiyohiyo."

Kanyiva akafungua mdomo kumtukana yule wa dirisha, kisha akaufunga. Alirudia yale maneno mawili polepole, wakatano, Jumatano, na akakaa chini kwenye sakafu. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, aibu ya kumfanya mtu atamani kuvua ngozi. Wengine watatu waliokuwa na mimba nao walikuwa wamerudishwa. Walidhani sista amehama, wakanyamaza.

Nisikufiche, kwa siku mbili Kanyiva aliwaza kunyamaza pia. Karatasi ya sista ilikuwa kwake, na moto wa kuichoma haukuwa mbali. Ni nani angejua? Kavata hakumlaumu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Lakini siku ya tatu habari ikaja kwamba Bwana Kyule, afisa wa afya, anakuja zahanatini kesho kuisoma ripoti ya kifo kile, na akina mama wote wahudhurie ili waelimishwe juu ya uzembe. Kanyiva alilisikia neno hilo uzembe, na aibu yote ikageuka hasira. Akaituma habari nyumba hadi nyumba: mwethya ya kesho itakuwa zahanatini, na majembe yaje.

Kesho yake walijaa ukumbini, yaani kwenye kile chumba chenye mabenchi ambako watu hungoja dawa. Kavata alikuja akiegemea bega la mwenzake. Kathini naye alikuja, akaketi mbele, maana alijua kitakachosemwa na alikuwa tayari kukisikia.

Bwana Kyule alisoma kwa Kiswahili akiwa amesimama. "Mama hakuhudhuria kliniki katika wiki za mwisho. Kwa kitabu chetu hayuko. Chanzo cha kifo: uzembe wa mama." Akakunja karatasi. "Sasa, kina mama, tunajifunza nini hapa?"

"Tunajifunza kuwa hiyo ripoti ni ya uongo," Kanyiva akasema, akasimama.

"Mama, ngoja. Maswali ni mwisho."

"Sina swali. Kavata alikuja. Alikuja Ijumaa mbili. Mimi ndiye nilimtuma Ijumaa. Sista aliandika Jumatano, mimi nikasema wakatano mbele ya kanisa nzima." Akaitoa ile karatasi kwenye shuka, akaiweka mezani. "Soma mwenyewe. Kosa la siku ni langu."

Chumba kizima kilimtazama. Kuna waliofunga macho wakihesabu, na mmoja akashika mdomo.

Bwana Kyule alisoma, akatikisa kichwa. Alionekana kama mtu aliyepata nafuu. "Basi ni makosa ya jamii yenyewe. Asante kwa kuwa mkweli."

"Sijamaliza. Siku ni kosa langu. Mlango ni kosa lenu. Mtu amekuja hapa miguu imevimba namna hii, ameshika kichwa, mnamwambia si siku yake. Kwani presha inajua kalenda? Kanyi, ulimwona au hukumwona?"

Kanyi aliangalia viatu vyake. "Nilimwona," akasema. "Mara mbili. Sikuelewa alikuwa anasema nini."

"Na mimi nilikuwa ndani," sista Waithera akasema, akiwa ameegemea ukuta. "Hakuna mtu aliniambia. Ningempima."

"Mama, nimeelewa," Bwana Kyule akasema, akichukua kofia yake ya pikipiki. "Nitaangalia hayo ofisini. Fomu yenyewe inatakiwa leo, siwezi kuanza kuibadilisha hapa."

Kanyiva aligeuka, akawatazama wenzake, na wao hawakuhitaji kuambiwa. Waliinuka, wakaenda kuketi kizingitini na kwenye ngazi zote, bega kwa bega, majembe yamelazwa mapajani, kama wanavyoketi wakingoja chai. Mmoja akatoa kiondo akaendelea kusuka. Hakuna aliyepandisha sauti.

"Hii ni nini sasa?" Bwana Kyule akauliza.

"Ni mwethya. Wewe ni Mkamba, unaijua. Hakuna anayeondoka mtaro ukiwa nusu."

Alijaribu kucheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Alisema ana mkutano Kitui, na wakamwambia hata wao wana mbuzi nyumbani. Alitazama saa, akatazama ngazi, akatazama yule msusi wa kiondo ambaye alikuwa anaanza rangi mpya. Mwishowe akaketi, akachukua kalamu.

"Aliyetangaza siku isiyo yenyewe, jina lake litaandikwa hapa," akamwambia Kanyiva. "Na sidhani utasoma tena matangazo mahali popote."

"Kanyiva Mulinge. Liandike lisomeke. Na chini yake uandike dirisha, na ya kwamba lilifungwa."

Kule kanisani kazi ile ilimtoka kweli, mwezi haukuisha, na ilimwuma. Hajifanyi kwamba haikumwuma. Lakini siku hiyo alisimama nyuma ya bega la Bwana Kyule akiifuata kalamu, neno kwa neno, miwani puani, na alipoona neno uzembe limekatwa mstari alimwambia alikate tena, maana bado lilisomeka.

Ilipokwisha, Bwana Kyule akasoma upesi: mama alikuja zahanatini Ijumaa mbili, mara ya pili akiwa na dalili za hatari, akarudishwa bila kupimwa. Akaanza kuikunja.

Hapo ndipo Kavata alipofungua mdomo. Alikuwa ameketi benchi la mwisho, mikono imekumbatia kifua.

"Soma kwa Kikamba," akasema.

"Mama, nimeshasoma."

"Umejisomea wewe. Soma kwa Kikamba, mama mkwe wangu asikie."

Bwana Kyule akainua macho, akamwona Kathini mbele yake. Akaifungua karatasi, akasoma kwa Kikamba, polepole kwa sababu alikuwa anaitafsiri akienda, kwamba Kavata alikuja, kwamba alikuja tena, kwamba walimrudisha. Kathini alimtazama mpaka mwisho. Kisha akavua shuka mabegani mwake, akaenda mpaka benchi la nyuma, akamfunika mkamwanawe kifua chake kilicholowa, na akaketi karibu naye.